NamUs: inachofanya na isichofanya mwanafunzi anapotoweka chuoni Marekani

Mwanafunzi akitoweka chuoni Marekani, haupiti muda kabla watu mtandaoni hawajaanza kurushiana namba zinazoanza na MP na UP. Namba hizo ni za NamUs, rejesta ya taifa ya waliotoweka na ya maiti wasiotambuliwa. MP ni aliyetoweka, UP ni maiti asiye na jina. Ipo na ya tatu, UCP, ya maiti ambaye jina lake linajulikana ila hakuna ndugu aliyejitokeza kumchukua. Fedha zake zinatoka Wizara ya Sheria ya Marekani kupitia taasisi yake ya utafiti, NIJ. Upande wa maiti ulifunguliwa 2007, wa waliotoweka 2008, na 2009 pande hizo zikaunganishwa ili zilinganishwe. Mwaka 2018 tovuti ikajengwa upya. Kuitumia ni bure, na sehemu kubwa ya kurasa zake husomwa na yeyote.

Hukumu kwanza. Kwa kazi ya kulinganisha aliyetoweka na maiti asiye na jina, nyota nne kati ya tano. Kwa kumtafuta mtu aliyeonekana mara ya mwisho juzi, hata moja haistahili, maana haikutengenezwa kwa hilo. Familia inayoikimbilia siku ya pili hupoteza siku nzima ikijaza fomu huku kamera za bweni zikijifuta.

Kamera ndizo za kuanza nazo. Mifumo mingi hurekodi juu ya picha za zamani, mingine baada ya mwezi, mingine baada ya wiki moja au mbili. Ombi la kuhifadhi liandikwe siku ileile, litaje mlango, tarehe na saa, kuanzia lini hadi lini. Ukiandika "kamera zote za chuo" utajibiwa kwamba ombi linashughulikiwa, basi. Kwa simu, barua pepe na akaunti za mitandao, polisi wa huko wana barua ya kuhifadhi data chini ya sheria ya shirikisho, 18 U.S.C. 2703(f). Kampuni ikiipokea ni lazima ihifadhi ilichonacho kwa siku 90, na zinaweza kuongezwa 90 nyingine. Barua hiyo haihitaji hakimu. Hakimu anahitajika baadaye, wakati wa kuyasoma yaliyohifadhiwa. Familia haiwezi kuituma, lakini inaweza kumuuliza mpelelezi: barua ya kuhifadhi imeenda kwa kampuni gani, tarehe ngapi? Akianza kuzungukazunguka, haijaenda.

Kama ilivyo RB kwa Mtanzania au OB kwa Mkenya, huko nako kila kitu kinaanzia kwenye namba ya taarifa ya polisi. Lile la "subirini saa 24" halina msingi wa sheria kwa wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza. Sheria iitwayo Suzanne's Law, ya 2003, imebeba jina la mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la New York kilichoko Albany aliyetoweka 1998. Inawataka polisi wamwingize aliye chini ya miaka 21 kwenye NCIC, mfumo wa kompyuta wa polisi unaosimamiwa na FBI, bila kipindi cha kusubiri. Aliyetimiza 21 hana kinga hiyo. Hapo ndipo utaambiwa ni mtu mzima, ana haki ya kwenda atakako. Usibishane juu ya haki zake. Eleza kinachomtia hatarini: dawa anayomeza kila siku ameiacha chumbani, mtihani ameukosa, kadi ya benki haijaguswa. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayompeleka kwenye kundi la NCIC la walio hatarini badala ya lile la "mengineyo".

Chuo nacho kina wajibu wake. Tangu sheria ya elimu ya juu ya 2008, chuo chenye mabweni kinachopokea misaada ya serikali kuu lazima kimpe kila mkazi wa bweni nafasi ya kuandikisha, kwa siri, mtu wa kupigiwa simu akitoweka. Ikithibitika kwamba hajulikani alipo kwa saa 24, chuo kina saa nyingine 24 za kumjulisha mtu huyo na polisi. Wanafunzi wengi huiruka fomu hiyo siku ya kuripoti kwa sababu iko katikati ya fomu za chakula na maegesho. Na karani akikwambia faragha ya mwanafunzi inamziba mdomo, mwambie sheria hiyohiyo ya faragha, FERPA, ina kipengele cha dharura ya afya au usalama kinachomruhusu kusema.

Bado kuna chumba. Mswaki, wembe, kitana na foronya visafirishwe katika bahasha za karatasi, kila kimoja na yake. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, bakteria wakazaana na kuharibu vinasaba. Mwenzake wa chumbani akishafagia na kufua kwa nia njema, au muhula ukiisha Mei na bweni likamwagwa, hakuna NamUs itakayovirudisha.

Sasa rejesta yenyewe. Unafungua akaunti kwa barua pepe, unaingiza kesi mpya na kujaza yale ya msingi: jina, jinsia, umri, urefu, uzito, tarehe ya mawasiliano ya mwisho, mji na jimbo. Kesi haionekani papo hapo. Mtaalamu wa kanda wa NamUs huwasiliana kwanza na polisi wenye jalada, na wasipothibitisha, haichapishwi. Nyota ya tano imepotelea hapa. Yapo majimbo yenye sheria inayowalazimisha polisi kuitumia NamUs, na mengine yamewaachia hiari, kwa hiyo wanafunzi wawili waliopotea kwa namna moja, mmoja ana ukurasa na mwenzake hana, kisa mpaka wa jimbo. Mwishoni mwa 2022 NCIC ilikuwa na majalada hai zaidi ya 97,000 ya waliotoweka. NamUs ina sehemu tu ya hayo. Desemba ya mwaka huohuo ilisainiwa sheria ya kuunganisha mifumo hiyo miwili, inayojulikana kama Billy's Law. Hata hivyo usidhani kwamba kilichoingizwa upande mmoja kimeonekana upande wa pili. Dai namba zote mbili, ya NCIC na ya NamUs, uziandike karatasi moja.

Vipimo vyao ni futi, inchi na pauni, na makosa ya kugeuza ni mengi kuliko unavyodhani. Sentimita gawanya kwa 2.54: 170 inakuwa inchi 67, yaani futi 5 na inchi 7. Kilo zidisha kwa 2.2: 60 ni pauni 132. Jaza urefu kama masafa, mathalani inchi 66 hadi 68, kwa kuwa urefu wa kwenye leseni ni ule mtu aliojitajia mwenyewe, na watu hujiongezea.

Alama za mwili ndizo zinazotenganisha ukurasa wenye faida na bango la nguzo ya umeme. "Ana kovu mguuni" haimsaidii mtu. "Kovu la sentimita 4 chini ya goti la kushoto, la kushonwa" linamsaidia. Kama aliwahi kuvunjika, taja mfupa, upande, mwaka, na kama aliwekewa chuma. Vyuma na skrubu za upasuaji mara nyingi hubeba namba za kiwandani ambazo hospitali huziandika kwenye faili la mgonjwa, na namba hiyo huishi muda mrefu kuliko nyama. Picha ziwe chache ila ziwemo zinazoonyesha meno. Picha ya kutabasamu ya karibu, isiyochujwa na programu za urembo, daktari wa meno wa uchunguzi anaweza kuilinganisha na taya: pengo, jino lililopindana, lililomeguka pembeni.

Kuhusu meno, NamUs ina wataalamu wake wanaozisoma rekodi jino kwa jino na kuziweka katika msimbo unaolinganishika. Wanachotaka ni picha za eksirei zenyewe. Familia nyingi hupeleka risiti au barua fupi ya daktari inayosema mgonjwa alizibwa meno mawili, na hiyo haitoshi. Mwanafunzi aliyevaa waya utotoni ana bahati ya aina yake, maana daktari wa waya huwa amepiga eksirei pana inayoonyesha taya zote mbili na magego ya mwisho yakiwa bado ndani. Tatizo ni kwamba kliniki hazilazimiki kutunza mafaili milele. Miaka kadhaa ikipita yanachanwa kihalali, au daktari anastaafu na kuuza kliniki. Yaombwe mwezi wa kwanza, hata kama kila mtu bado anaamini kijana atarudi.

Halafu vinasaba. Polisi wanachukua mate ya ndugu kwa kijiti chenye pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu. Familia hailipi. Wa kwanza kutafutwa ni baba na mama wa kuzaa, wote wawili kama wapo; wakikosekana, watoto wake, kisha ndugu wa baba na mama mmoja. Mama, ndugu wa tumbo moja na mama wadogo kwa mama wakubwa wana kazi ya ziada, kwa kuwa wanabeba vinasaba vya mitokondria vya ukoo wa kike, na hivyo hudumu kwenye mfupa uliochakaa ambao vinasaba vingine vimeshapotea. Wapo wanaogopa kwamba mate yao yatatumika kuwakamata kwa jambo jingine. Fomu ya ridhaa inasema wazi kwamba sampuli za ndugu zinalinganishwa na waliotoweka na maiti tu, wala hazipelekwi kwenye orodha ya wahalifu. Isome, isaini, baki na nakala, na baada ya miezi michache piga simu uulize kama sampuli imefika maabara na kupakiwa. Swali hilo linaudhi, lakini sampuli iliyobaki kwenye kabati la kituo ni sawa na isiyochukuliwa.

Upande wa kutafuta ndio unaovuta umati, na ndio unaotumiwa vibaya kuliko wote. Vichujio ni vingi na mtu huvijaza vyote kwa pamoja, kisha anashangaa matokeo ni sifuri. Anza na vitatu tu: jinsia, tarehe, eneo. Maiti apatikane baada ya tarehe ya kutoweka, hilo halina mjadala. Lakini usiweke kikomo cha juu, kwani mifupa huokotwa hata baada ya miaka 20. Eneo liwe pana kuliko jimbo, hasa penye mto unaovuka mpaka. Rangi ya nywele iache, hupakwa dawa. Uzito uache, maiti hana uzito wa kuaminika. Rangi ya macho ipuuze kabisa pale ambapo ukurasa unasema yaliyopatikana ni mifupa. Asili ya mtu nayo usiiweke mwanzoni, kwa kuwa kuisoma kwenye fuvu ni makadirio, na kijana wa Kiafrika anaweza kuwa ameandikwa "haijulikani".

Umri, kinyume chake, kwa mwanafunzi ni rafiki. Mwili wa miaka 18 hadi 25 bado unamalizia ujenzi wake: magego ya mwisho yanachomoza, ukingo wa juu wa nyonga unashikana na mfupa wake, na ncha ya mtulinga iliyo karibu na kidari ni ya mwisho kabisa, hadi kuelekea miaka 30. Kwa hiyo mchunguzi anaweza kumkadiria kijana kwa masafa membamba zaidi kuliko mtu wa miaka 50. Ukurasa wa UP ukisema "35 hadi 60" na mifupa ni kamili, mwanafunzi wa miaka 20 si huyo, hata kama mchoro wa sura unamfanana hadi kwenye nyusi.

Michoro ya sura, kwa kweli, imepoteza muda wa watu wengi. Pua, masikio na midomo haviachi mfupa wa kueleza umbo lake, mchoraji hukisia.

Kabla ya kuandikia mtu yeyote, fungua ukurasa wa UP na usome sehemu iitwayo Exclusions. Humo mna majina ya waliokwisha kulinganishwa na maiti yule na ikathibitika si wao. Mapendekezo mengi ya umati hufia pale, na wapendekezaji hawajui. Kama jina halimo na mna mambo matatu yanayogusana (tarehe, eneo, na alama moja ya mwilini au menoni), andika ujumbe wa mistari sita kwa chombo cha uchunguzi kilichotajwa kwenye ukurasa, na nakala kwa mtaalamu wa kanda: namba ya MP, namba ya UP, mambo matatu, basi. Usimpigie mama wa aliyetoweka. Ameshapigiwa.

Tofauti ya mjadala na ushahidi inaonekana vizuri kwenye kesi inayobishaniwa kuliko nyingi, ya Maura Murray, mwanafunzi wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst. Jioni ya 9 Februari 2004 gari lake aina ya Saturn, la mwaka 1996, liligonga kandokando ya barabara namba 112 huko Haverhill, New Hampshire. Simu ya kwanza ilipigwa saa 1:27, askari akafika saa 1:46, na hakumkuta. Kwa zaidi ya miaka 20 watu wameandika vitabu vizima vya maoni juu ya dakika 19 hizo. Septemba 2021 vipande vya mifupa vilipatikana Loon Mountain, mji wa Lincoln, jimbo hilohilo, na kabla maabara haijasema neno umati ulishafunga kesi. Novemba majibu yakatoka: kipimo cha kaboni kilionyesha kwamba mwenye mifupa alifariki kati ya 1774 na 1942. Dakika 19 hazikusaidia kujua hilo, wala nadharia yoyote ya nani alipita na gari gani.

Kesi ya pili ni chungu zaidi. Machi 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown alitoweka huko Providence. Familia ilikuwa ikimtafuta hadharani, kwa picha na video, na picha hizo ndizo zilizomponza: mwezi uliofuata, baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, watumiaji wa Reddit, mtandao wa mijadala, walizilinganisha kwa macho na picha za washukiwa, wakamtaja, na usiku mmoja familia ikamwagiwa matusi. Hakuhusika. Tarehe 23 Aprili mwili wake ulipatikana mtoni palepale Providence, na utambuzi ulifanywa kwa meno. Reddit iliomba radhi. Kwenye fomu ya NamUs kuna nafasi ya picha na nafasi ya meno, zina ukubwa unaokaribiana kwenye skrini, na watu hushinda kwenye ya kwanza.

Mbadala? Charley Project ni ya mtu mmoja anayekusanya kesi zilizozidi mwaka; maelezo ya tukio ni ya kina kuliko NamUs na huandikwa kwa utulivu, lakini hailinganishi kitu. Doe Network ni ya watu wa kujitolea, nzuri kwa maiti wa zamani. Zote mbili ni za kusoma. Kwa walio chini ya miaka 18 nenda NCMEC, kituo cha taifa cha Marekani cha watoto waliotoweka. Wa miaka 18 hadi 20 nacho huwachukua, mradi polisi ndio walioomba. Hakuna kati ya hivi kinachochukua nafasi ya NamUs, kwa sababu NamUs ndiyo inayokuja na maabara, na huko nje kipimo kimoja cha vinasaba vya mfupa ni ghali kuliko ada ya muhula kwa familia nyingi.

Kwa mzazi aliyeko Moshi, Kisumu au Bujumbura mambo yana kona zake. NamUs humpokea raia wa nchi yoyote mradi alitowekea Marekani, na ukurasa unaweza kufunguliwa kutoka huku. Kinachokwama ni mate. Polisi wa chuo kidogo hawatapanda ndege kuja kuchukua sampuli, na kijiti kilichotumwa kwa posta na mzazi mwenyewe hakina mnyororo wa ushahidi, yaani kumbukumbu ya nani alikichukua na kilipita mikononi mwa nani. Njia ni Interpol: ofisi ya taifa ya Interpol, iliyo ndani ya jeshi la polisi la nchi yako, ndiyo inayowasiliana na ya Washington. Notisi ya Njano, ya waliotoweka, huombwa kwa njia hiyohiyo na polisi. Familia haiwezi kuiomba moja kwa moja Lyon, makao makuu ya Interpol. Tangu 2021 Interpol ina mfumo wa I-Familia unaolinganisha vinasaba vya ndugu kuvuka mipaka. Peleka kituoni namba ya taarifa ya polisi wa Marekani, nakala ya pasipoti ya kijana, cheti chake cha kuzaliwa na jina kamili la mpelelezi wa kule. Bila namba hiyo, kituo cha huku hakina pa kuanzia.

Na majina yaangaliwe kwa makini. Pasipoti zetu huweza kubeba jina la babu mahali ambapo Mmarekani anatarajia ukoo, chuo kikachukua la kati, na marafiki wakamjua kwa la utani. Mohamed huandikwa kwa namna nne au tano, na Hassan mwenye s moja ni mtu mwingine kabisa mbele ya kompyuta. NamUs ina nafasi ya majina mengine na lakabu. Jaza yote, kila tahajia kivyake, pamoja na ile iliyo kwenye kitambulisho cha chuo.